Uwezekano na Takwimu: Uliza Kwanza "Kati ya Mangapi?"

Kabla hujaendelea kusoma, chukua karatasi ujibu swali hili: Sarafu mbili zinarushwa kwa pamoja. Kuna uwezekano gani wa kupata kichwa kimoja na mwenge mmoja?

Kama umeandika 1/3, si wewe peke yako. Wanafunzi wengi hufikiri hivi: "Vitatoka vichwa viwili, au mienge miwili, au kimoja kimoja. Hayo ni matokeo matatu, basi kila moja lina 1/3." Hoja hiyo inasikika vizuri, lakini jibu sahihi ni 1/2. Mwanafunzi aliyejibu 1/3 anajua kugawanya vizuri kabisa. Alipokosea ni katika kuhesabu jumla anayogawanyia.

Katika mada hii utakutana na kanuni kadhaa, na unapaswa kuzijua. Hata hivyo, makosa mengi hayatokani na kusahau kanuni. Yanatokana na kuandika namba ya chini ya sehemu, yaani asili, bila kujiuliza imetoka wapi. Kwa hiyo katika kila mfano wa sura hii tutaanza na swali moja: kati ya mangapi?

1. MANENO YA MSINGI

Jaribio ni kitendo ambacho hatujui kitatoa nini mpaka kifanyike, kama kurusha sarafu au kuchota gololi mfukoni bila kuangalia.

Tokeo ni kitu kimoja kinachoweza kupatikana katika jaribio.

Seti ya matokeo yote huandikwa S. Idadi ya matokeo yaliyomo ni n(S).

Tukio ni matokeo yale tunayoyataka. Huandikwa E, na idadi yake ni n(E).

Uwezekano wa tukio E ni:

P(E) = n(E) / n(S)

Zingatia: kanuni hii hutumika pale tu ambapo matokeo yote ndani ya S yana nafasi sawa ya kutokea. Sharti hili ndilo husahauliwa. Jibu la uwezekano pia haliwezi kuwa chini ya 0 wala kuzidi 1. Ukipata 7/5, usiendelee mbele. Rudi utafute kosa.

Sasa turudi kwenye sarafu zetu. Tuite ya kwanza A na ya pili B, na tuandike K kwa kichwa na M kwa mwenge. Matokeo ni:

KK, KM, MK, MM

KM maana yake A imetoa kichwa na B imetoa mwenge. MK ni kinyume chake. Hayo ni matokeo mawili tofauti, hata kama sarafu zinafanana kwa sura. Basi n(S) = 4 na n(E) = 2, hivyo P(E) = 2/4 = 1/2.

Ukiwa na mashaka, chukua sarafu mbili za thamani tofauti, uzirushe mara 40 na uandike kila unachopata. Utaona "kimoja kimoja" kinatoka mara nyingi kuliko vichwa viwili.

Kosa la aina hii limewahi kumpata hata mwanahisabati mkubwa. Mwaka 1754, Mfaransa Jean le Rond d'Alembert aliandika makala katika ensaiklopidia maarufu ya wakati wake kuhusu mchezo wa kurusha sarafu mara mbili. Aliuliza uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja. Alisema kichwa kikitoka mara ya kwanza, mchezo umekwisha. Hivyo matokeo ni matatu tu: K, MK na MM. Akajibu 2/3. Lakini tokeo K lina nafasi ya 1/2, wakati MK na MM kila moja lina 1/4. Nafasi zao si sawa, kwa hiyo hawezi kuyahesabu kama matatu yanayolingana. Ukitumia orodha yetu ya manne, utapata KK, KM na MK, yaani 3/4.

2. ORODHESHA KABLA YA KUGAWANYA

Mfano wa 1. Dadu mbili zinarushwa. Tafuta uwezekano wa kupata jumla ya 7.

Kati ya mangapi? Jumla zinazoweza kupatikana ni kuanzia 2 hadi 12, nazo ni 11. Usiandike 1/11! Jumla ya 2 hupatikana kwa njia moja tu (1 na 1), lakini jumla ya 7 hupatikana kwa njia nyingi. Nafasi zao hazilingani. Dadu ya kwanza ina matokeo 6, na kwa kila moja dadu ya pili ina matokeo 6. Hivyo n(S) = 6 × 6 = 36.

Matokeo yenye jumla ya 7 ni: (1,6), (2,5), (3,4), (4,3), (5,2), (6,1).

P(jumla ni 7) = 6/36 = 1/6

Njia za kupata kila jumla ni hizi:

Jumla: 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12
Njia: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 5, 4, 3, 2, 1

Jumlisha mstari wa pili. Utapata 36. Hakiki namna hii kila unapoorodhesha: njia za matukio yote zikijumlishwa lazima zirudi kwenye n(S). Zisiporudi, kuna kitu umekisahau au umekihesabu mara mbili.

3. JUMLA INAPOBADILIKA KATIKATI YA SWALI

Mfano wa 2. Mfuko una gololi 5 nyekundu na 3 za bluu. Gololi mbili zinachotwa moja baada ya nyingine bila kurudishwa. Tafuta uwezekano kwamba (a) zote ni nyekundu, (b) ni za rangi tofauti.

Njia: Gololi ya kwanza inachotwa kati ya 8. Ya pili inachotwa kati ya 7, kwa sababu moja imeshatoka.

(a) Nyekundu ya kwanza: 5/8. Sasa mfukoni zimebaki nyekundu 4 kati ya 7. Basi

P = 5/8 × 4/7 = 20/56 = 5/14

(b) Rangi tofauti kunapatikana kwa njia mbili: nyekundu kisha bluu, au bluu kisha nyekundu.

P = (5/8 × 3/7) + (3/8 × 5/7) = 15/56 + 15/56 = 30/56 = 15/28

Hakiki: bluu zote mbili ni 3/8 × 2/7 = 6/56. Sasa 20/56 + 30/56 + 6/56 = 56/56 = 1. Kazi iko sawa.

Kama swali lingesema gololi inarudishwa kabla ya kuchota tena, jibu la (a) lingekuwa 5/8 × 5/8 = 25/64. Maneno mawili, "bila kurudishwa", yamebadilisha jibu. Yapigie mstari kila unapoyaona.

Mfano huu pia unaonyesha lini tunazidisha na lini tunajumlisha. Tunazidisha tunapofuata njia moja hatua kwa hatua: hili litokee NA lile litokee. Tunajumlisha tunapounganisha njia zisizoweza kutokea kwa pamoja: iwe njia hii AU ile.

4. "ANGALAU MOJA": PITIA MLANGO WA NYUMA

Mfano wa 3. Dadu moja inarushwa mara 4. Tafuta uwezekano wa kupata 6 angalau mara moja.

Ukitaka kuorodhesha, kazi ni ndefu: mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne. Ni rahisi zaidi kutafuta kinyume, yaani kutopata 6 hata mara moja, kisha kutoa kutoka 1.

Katika mrusho mmoja, P(si 6) = 5/6. Mara nne: 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6 = 625/1296.

P(angalau 6 moja) = 1 − 625/1296 = 671/1296, yaani karibu 0.518.

Zingatia kosa lililozoeleka: 1/6 + 1/6 + 1/6 + 1/6 = 4/6. Kama njia hiyo ingekuwa sahihi, ukirusha mara 6 ungepata 6/6, maana yake ni lazima 6 itoke. Mtu yeyote aliyewahi kucheza ludo anajua hilo si kweli: unaweza kurusha dadu mara kumi na kete zako zikabaki nyumbani.

Swali hili lina historia. Wacheza kamari wa Ufaransa waliuliza maswali ya aina hii, na mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuyajadili. Barua hizo ni miongoni mwa misingi ya somo hili.

5. TAKWIMU: SWALI NI LILELILE

Wengine hudhani takwimu na uwezekano ni mada mbili zisizohusiana. Tazama jedwali hili la alama za wanafunzi 40 katika jaribio fupi la maswali 5.

Alama (x): 0, 1, 2, 3, 4, 5
Idadi ya wanafunzi (f): 2, 4, 8, 12, 9, 5

Mfano wa 4. Tafuta (a) wastani, (b) mediani, (c) modi.

(a) Zidisha kila alama kwa idadi ya wanafunzi walioipata:

0 × 2 = 0
1 × 4 = 4
2 × 8 = 16
3 × 12 = 36
4 × 9 = 36
5 × 5 = 25

Jumla ya alama zote ni 117. Tugawanye kwa ngapi? Hapa ndipo wengi huteleza. Wanaona safu sita za alama, wanagawanya kwa 6 na kupata 19.5. Jaribio lilikuwa la alama 5! Wastani wa 19.5 hauwezekani. Alama hizi 117 ni za wanafunzi 40, hivyo:

Wastani = 117/40 = 2.925

(b) Mediani ni namba iliyo katikati baada ya kupanga zote kutoka ndogo hadi kubwa. Wanafunzi ni 40, basi katikati ni kati ya wa 20 na wa 21. Jumlisha idadi hatua kwa hatua: 2, 6, 14, 26. Kuanzia mwanafunzi wa 15 hadi wa 26, wote wana alama 3. Mediani ni 3.

(c) Modi ni alama iliyopatikana na wengi zaidi, nayo ni 3. Usiandike 12, hiyo ni idadi ya wanafunzi, si alama.

Mfano wa 5. Mwanafunzi mmoja anachaguliwa bila upendeleo kutoka darasa hilo. (a) Kuna uwezekano gani kwamba alipata alama 4 au zaidi? (b) Tukiambiwa kwamba alipata alama 3 au zaidi, kuna uwezekano gani kwamba alipata zote 5?

(a) Kati ya wangapi? Kati ya 40. Waliopata 4 au 5 ni 9 + 5 = 14. P = 14/40 = 7/20.

(b) Sasa hatuchagui tena kati ya 40. Habari tuliyopewa imewatoa nje wote waliopata chini ya 3. Waliobaki ni 12 + 9 + 5 = 26. P = 5/26.

Umeona? Jedwali la takwimu limekuwa swali la uwezekano, na maneno "tukiambiwa kwamba" yamebadilisha asili kutoka 40 kwenda 26.

Mfano wa 6. Wastani na mediani vinapokosana. Tangazo la kazi linasema: "Mapato ya wastani hapa dukani ni sh 400,000 kwa mwezi." Dukani kuna watu watano. Wafanyakazi wanne wanapata sh 150,000, sh 160,000, sh 170,000 na sh 180,000. Mwenye duka anachukua sh 1,340,000.

Jumla ni sh 2,000,000. Ukigawanya kwa 5 unapata sh 400,000. Tangazo halijasema uongo, lakini hakuna mfanyakazi hata mmoja anayekaribia mapato hayo. Mediani ni sh 170,000, na ndiyo inayokupa picha ya utakacholipwa. Namba moja kubwa sana inaweza kuvuta wastani juu, lakini mediani haitikisiki. Ukimaliza shule na kutafuta kazi, kumbuka kuuliza: huo ni wastani wa nani na nani?

6. SARAFU HAINA KUMBUKUMBU

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanahisabati John Kerrich alizuiliwa kambini nchini Denmark. Ili kupitisha muda alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika matokeo. Vichwa vilitoka mara 5,067. Ukigawanya, 5,067/10,000 = 0.5067, karibu sana na 1/2.

Jifunze mambo mawili hapa. Kwanza, uwezekano wa 1/2 hauahidi kwamba ukirusha mara 10 utapata vichwa 5. Unaeleza sehemu tunayotarajia majaribio yanapokuwa mengi. Pili, sarafu haikumbuki yaliyopita. Ikitoa mwenge mara sita mfululizo, mrusho wa saba bado ni 1/2. Haidai kichwa, wala haina deni la kulipa. Majaribio ya namna hii, ambayo moja haliathiri jingine, huitwa matukio huru.

Jambo hili la pili linaonekana dogo likiwa la sarafu. Sasa lione likiwa ndani ya nyumba.

7. UWEZEKANO NYUMBANI: SELIMUNDU

Kila mtoto hupokea kinasaba kimoja cha himoglobini kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Tuandike A kwa kinasaba cha kawaida na S kwa cha selimundu. Mwenye AA hana tatizo. Mwenye AS kwa kawaida ana afya yake, lakini amebeba kinasaba na anaweza kumrithisha mtoto. Mwenye SS anaugua selimundu.

Mfano wa 7. Baba ni AS na mama ni AS. (a) Kuna uwezekano gani kwamba mtoto atakuwa SS? (b) Mtoto wa kwanza ni SS. Kuna uwezekano gani kwa mtoto wa pili? (c) Wakipata watoto watatu, kuna uwezekano gani kwamba angalau mmoja atakuwa SS? (d) Dada mmoja katika familia hii amepimwa na hana ugonjwa. Kuna uwezekano gani kwamba amebeba kinasaba S?

Njia: Andika cha baba kwanza, kisha cha mama. Matokeo ni AA, AS, SA, SS. Yote manne yana nafasi sawa. Hii ni orodha ileile ya sarafu mbili!

(a) P(SS) = 1/4.

(b) Bado ni 1/4. Kila mimba ni jaribio jipya. Wapo wazazi ambao baada ya kupata mtoto mmoja mgonjwa huambiwa, "Sasa watatu wanaofuata watakuwa salama, maana ni mmoja kati ya wanne." Maneno hayo yana nia ya kufariji, lakini si kweli. Hesabu ya "mmoja kati ya wanne" si zamu. Wapo pia wanaosema, "Wa kwanza ni mzima, tumeshavuka." Hilo nalo si kweli.

(c) Pita mlango wa nyuma. P(mtoto si SS) = 3/4. Kwa watoto watatu: 3/4 × 3/4 × 3/4 = 27/64. Basi P(angalau mmoja ni SS) = 1 − 27/64 = 37/64. Hiyo ni zaidi ya nusu.

(d) Kati ya mangapi? Wengi hujibu 2/4. Lakini tumeambiwa hana ugonjwa, kwa hiyo SS imeondoka. Yamebaki matatu: AA, AS, SA. Mawili kati ya hayo yana S. P = 2/3.

Huyu dada hajisikii mgonjwa na huenda hajawahi kufikiri kuhusu jambo hili, lakini uwezekano kwamba amebeba S ni mkubwa kuliko kwamba hajabeba. Ndiyo maana kipimo cha damu kabla ya kuanza familia kina faida. Hesabu haimwambii aoe au aolewe na nani; inamwambia aulize nini anapofika hospitali.

8. UWEZEKANO MTAANI: MKEKA WA MECHI TANO

Mfano wa 8. Kijana ameweka mkeka wa mechi tano kwa sh 1,000. Tuseme kila timu aliyoichagua ina uwezekano wa 0.6 kushinda, na mechi hazitegemeani. Zote tano zikishinda, atalipwa sh 10,000. Ikikataa moja tu, mkeka umechanika. Kuna uwezekano gani wa kushinda?

Njia: 0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6 = 0.07776

Ni karibu mikeka 8 kati ya 100. Kila timu, ukiitazama peke yake, inaonekana ya uhakika kiasi, lakini zikiunganishwa na NA nne, nafasi inayeyuka.

Sasa uliza swali la pili: mikeka 100 ingeleta nini? Atatumia 100 × sh 1,000 = sh 100,000. Mikeka inayotarajiwa kushinda ni 7.776, hivyo malipo ni 7.776 × sh 10,000 = sh 77,760. Anatarajia kupoteza sh 22,240. Jirani aliyeshinda juzi atakuonyesha simu yake. Mikeka iliyochanika haionyeshwi na mtu. Ukisikia habari ya ushindi mmoja, rudi kwenye swali letu: kati ya mingapi?

9. ZOEZI

Jibu maswali yote kabla ya kutazama majibu. Kwa kila swali andika kwanza jumla yako na sababu yake. Onyesha hatua zote, ili hata hesabu ya mwisho ikikosewa, msahihishaji aone ulivyofikiri.

1. Dadu moja inarushwa. Tafuta uwezekano wa kupata (a) namba tasa, (b) namba tasa au namba shufwa.

2. Sarafu tatu zinarushwa. Tafuta uwezekano wa kupata (a) vichwa viwili kamili, (b) mwenge angalau mmoja.

3. Kikapu kina mayai 10, na kati ya hayo 3 ni viza. Mama ntilie anachukua mayai mawili bila kuchagua wala kurudisha. Tafuta uwezekano kwamba (a) yote ni mazima, (b) angalau moja ni viza.

4. Timu ya shule ilicheza mechi 20. Idadi ya mabao iliyofunga ni:
Mabao: 0, 1, 2, 3, 4
Mechi: 5, 7, 4, 3, 1
(a) Tafuta wastani, mediani na modi ya mabao. (b) Mechi moja inachaguliwa bila upendeleo. Kuna uwezekano gani kwamba timu ilifunga mabao 2 au zaidi? (c) Tukiambiwa kwamba timu ilifunga katika mechi hiyo, kuna uwezekano gani kwamba ilifunga bao moja tu?

5. Neema amepata wastani wa alama 62 katika majaribio manne. Anahitaji alama ngapi katika jaribio la tano ili wastani wake uwe 65?

6. Baba ni AS na mama ni AA. Tafuta uwezekano kwamba (a) mtoto ni SS, (b) mtoto ni AS, (c) watoto wote wawili ni AS.

MAJIBU NA MAELEZO

1. (a) Namba tasa ni 2, 3 na 5. P = 3/6 = 1/2. Kumbuka 1 si namba tasa. (b) Shufwa ni 2, 4 na 6. Ukijumlisha 1/2 + 1/2 utapata 1, jambo ambalo si kweli, kwani 1 inaweza kutoka. Namba 2 imehesabiwa mara mbili. Orodha sahihi ni 2, 3, 4, 5, 6. P = 5/6.

2. n(S) = 2 × 2 × 2 = 8. (a) KKM, KMK, MKK: P = 3/8. (b) Kinyume chake ni KKK tu: P = 1 − 1/8 = 7/8.

3. (a) 7/10 × 6/9 = 42/90 = 7/15. (b) 1 − 7/15 = 8/15. Ingawa mayai viza ni 3 tu kati ya 10, nafasi ya kukutana na angalau moja imezidi nusu.

4. (a) Jumla ya mabao ni 0 + 7 + 8 + 9 + 4 = 28. Wastani = 28/20 = 1.4. Mediani ni kati ya mechi ya 10 na ya 11; zote zina bao 1, hivyo mediani ni 1. Modi ni 1. (b) (4 + 3 + 1)/20 = 8/20 = 2/5. (c) Ondoa mechi 5 zisizo na bao, zimebaki 15. P = 7/15.

5. Jumla inayohitajika ni 65 × 5 = 325. Aliyonayo ni 62 × 4 = 248. Anahitaji 325 − 248 = 77. Ukijibu 68 umekosea kwa kudhani wastani wa 62 una uzito sawa na jaribio moja, wakati umebeba majaribio manne.

6. Matokeo ni AA, AA, SA, SA. (a) 0. (b) 2/4 = 1/2. (c) 1/2 × 1/2 = 1/4.

Ukikosa swali, usikimbilie kufuta namba ya juu. Tazama kwanza ya chini: ulihesabu kati ya mangapi, na je, yalikuwa na nafasi sawa? Kisha rudia swali hilo kesho bila kutazama majibu.